Jana ya Lini?

Juni 2022, majira ya saa 3:00 usiku, mama alinipigia simu kutoka Uyole, Mbeya, sauti inamtetemeka. Alikuwa ametumiwa habari kwenye WhatsApp: basi limeanguka mlima Kitonga leo mchana. Dada yangu alikuwa njiani akitokea Dar es Salaam, na simu yake haipatikani. Tulikaa na taarifa ile zaidi ya saa mbili. Majirani walishaanza kuingia mmoja mmoja kwa mama. Saa 5:20 usiku dada akapiga kwa simu ya abiria mwenzake: wako Igawa, gari liliwaharibikia Makambako, chaji imemwishia.

Kesho yake niliitafuta ile habari mpaka nikaipata. Haikuwa ya uongo. Basi lilianguka kweli, na Kitonga ni Kitonga hiyo hiyo, ila ajali yenyewe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Mwandishi aliandika "leo mchana", na ndani ya habari nzima hapakuwa na tarehe hata moja.

Tangu siku ile sikubali tena kuandika "leo", "jana" au "wiki iliyopita" bila tarehe pembeni yake, na nawaomba waandishi wa habari wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko wafanye hivyo hivyo. Zamani "jana" haikuwa na shida. Gazeti lilibeba tarehe juu ya kila ukurasa, na hata likifungiwa maandazi, tarehe ilikwenda na maandazi. Siku hizi mtu anapiga picha ya aya mbili tu kwenye simu na kuzirusha. Kilichobaki kwenye zile aya mbili ndicho habari yote aliyonayo anayepokea. Kuandika "jana, Jumanne, 14 Juni 2022" kunakula maneno machache tu.

Kwenye saa ndiko tunakoumizana zaidi, kwa sababu sisi tuna hesabu mbili za saa. Tunahesabu tangu majira ya jua kuchomoza na tena tangu majira ya kuzama, simu zetu zinahesabu tangu saa 6:00 usiku, na tofauti ni saa sita kamili. Kila Mswahili anajua kuhamisha kichwani. Tatizo ni kwamba maandishi hayamwambii ahamishe au asihamishe. Niliwahi kukuta wakulima wa Rungwe wamekaa chini ya mti tangu asubuhi, wamelowa mvua, wakingoja mkutano wa miche ya parachichi. Tangazo lilisema "8:00", basi. Waliozoea simu wakaja saa 2:00 asubuhi. Waliozoea kuongea Kiswahili, wengi wao wazee, wakaja saa 8:00 mchana, na hao ndio waliokuwa sahihi. Neno "saa" na neno "mchana" yangewaokoa watu kunyeshewa nusu siku.

Kuna kosa jingine, nalo linatoka mezani kwetu wenyewe. Taarifa inaletwa kwa Kiingereza, imeandikwa 10:00, mwandishi anafasiri kila kitu isipokuwa saa. Gazetini inatoka "saa 10:00 asubuhi". Hiyo si saa ya mtu yeyote. Msomaji atadhani ni saa kumi alfajiri, watu bado wamelala, au atadhani ni saa kumi jioni na neno "asubuhi" limekosewa. Ilitakiwa saa 4:00 asubuhi. Wapo pia wanaoandika "saa 10:00AM", wakizichanganya saa zote mbili ndani ya mstari mmoja. Msimamo wangu ni kwamba habari ya Kiswahili ibebe saa ya Kiswahili, yenye neno la wakati kila mara: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Hata kama aya iliyotangulia ilishasema "asubuhi", rudia.

Neno hilo lenyewe nalo linataka uangalifu huku kwetu. Mwezi Juni, saa 12:00 asubuhi Mbeya bado ni giza. Jua linachomoza karibu saa 1:00, takriban nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi na saa ya taifa ni moja. Mhariri aliye Dar akibadilisha "kukiwa bado giza" kwa kudhani nimekosea, amemfanya shahidi wangu aonekane mwongo.

Sasa usiku. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mambo mengi ya barabarani yanatokea kati ya saa 6:00 na saa 11:00, na hapo siku ya kalenda inakuwa imeshageuka. "Jumanne saa 7:30 usiku" ni usiku upi? Wengi wetu humaanisha usiku unaoifuata Jumanne mchana, ambao kwa kalenda tayari ni Jumatano. Pwani, mtu mzima akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anasema usiku wa Alhamisi, maana kwa hesabu ya asili siku huanza jua likizama. Kiswahili kilishatupa dawa: "usiku wa kuamkia Jumatano". Maneno haya hayana shaka hata chembe, na mimi nayapenda kuliko namna yoyote niliyowahi kuikuta. Ongeza tarehe ya hiyo Jumatano, umemaliza.

Kwenye tarehe, mwezi uandikwe kwa jina. Sisi tunaanza na siku, Marekani wanaanza na mwezi, na programu nyingi za simu na kompyuta zinakuja zimepangwa Kimarekani. 9/12/1961 kwetu ni siku ya Uhuru wa Tanganyika. Kwa Mmarekani ni 12 Septemba. Kifo cha Mkwawa, 19/7/1898, hakichanganyi mtu kwa sababu mwezi wa 19 haupo. Saba Saba na Nane Nane nazo ziko salama, zisomwe mbele au nyuma. Tarehe nyingine hazina bahati hiyo. Mafaili ya picha ni suala tofauti: huko natumia 2022-06-14, mwaka mbele, yanajipanga yenyewe.

Nimalizie na mpakani, maana wanaoandika kutoka Tunduma wana mzigo ambao wa Iringa hawana. Ng'ambo ya geti, Nakonde ya Zambia, saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na hali ni hiyo hiyo ukivuka Kasumulu kuingia Malawi. Polisi wa Zambia akikuambia malori yalianza kuruhusiwa saa 09:00, hiyo kwetu ni saa 4:00 asubuhi: unaongeza moja, kisha unatoa sita. Nimeona habari mbili za foleni moja ya malori zikipishana kwa saa nzima, na wasomaji wakawaita waandishi waongo, ilhali kila mmoja alitazama saa ya upande aliosimama. Mimi naandika "saa 4:00 asubuhi kwa saa za Tanzania", hata kama mhariri ataniambia sentensi imerefuka.