Seli Moja Iliyozungumza na Ubongo Mzima

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili katika maabara moja nchini Ujerumani nilipofanya, kwa muda wa dakika 12 hivi, ugunduzi mkubwa kuliko wote katika sayansi ya ubongo.

Kazi yangu ilihusu vifaranga vya samaki pundamilia wa siku 6, wenye urefu wa milimita 4 hivi na mwili angavu kama maji ya dafu, kiasi kwamba ubongo wao, wenye seli za neva zipatazo 100,000, huonekana kwa hadubini bila kupitisha kisu. Walikuwa wamepandikizwa jeni mbili: Gal4, iliyotoka kwenye hamira, huamua ni seli zipi ziiwashe ya pili, na hiyo ya pili, iliyotoka kwenye matumbawe, hutengeneza protini iitwayo Kaede. Mimi mtoto wa pwani hamira niliijua kwenye maandazi na matumbawe kwenye kuta za nyumba ya babu, basi kuvikuta vyote kichwani mwa samaki kulinipa kiburi cha mwenye mali.

Kaede hung'aa kijani, lakini ikipigwa mwanga wa zambarau hugeuka kuwa nyekundu na hairudi tena. Ukiilenga seli moja tu kwa leza, wekundu husambaa taratibu hadi ncha za nyuzi zake, nawe ukaona zinaishia wapi.

Asubuhi hiyo ya Machi jua lilitoka, la kwanza tangu Novemba kwa hesabu zangu. Nikafungua pazia, nikakaa dirishani na chai yangu, na kwa kuwa mimi si mchoyo, nikasogeza na kisahani cha vifaranga ili nao waote jua.

Mchana nikailenga seli moja, nikaipiga leza, nikatazama. Ubongo wote ulikuwa mwekundu, pamoja na uti wa mgongo hadi mkiani. (Picha ya kabla ya leza sikuipiga, niliona ni kupoteza muda.) Nikamkimbilia profesa nikihema, nikamwarifu kwamba nimepata seli inayozungumza na ubongo mzima.

Profesa aliinamia hadubini, akanyamaza, akasogeza kisahani hadi kwa kifaranga ambaye sikumgusa kabisa. Naye alikuwa mwekundu. Kisha akageuka polepole kulitazama dirisha, ambako alama ya duara ya kikombe cha chai ilikuwa bado haijakauka.

Alinieleza kwa upole kwamba hata Wajapani walioitangaza Kaede mwaka 2002 waliijua tabia hiyo ya kugeuzwa nyekundu na zambarau iliyomo kwenye jua kwa bahati, baada ya kuiacha mezani.

"Ila wao," akasema, "walipata makala."

Mimi nilipata wiki mbili za kusugua matangi, na vifaranga wetu tangu siku hiyo hufunikwa gubigubi, kama unga wa maandazi unaosubiri kuumuka.