Simu Moja, Kazi Tatu

Mwandishi anamrekodi kwa simu mama aliyepotelewa na mtoto kwenye mafuriko. Kwa dakika kadhaa mama amekuwa akijibu kwa mkato. Ndiyo kwanza anaanza kusimulia jinsi mkono wa mtoto ulivyomponyoka, simu inaita na rekodi inakatika. Anayepiga ni chumba cha habari, wanauliza picha ziko wapi. Rekodi inapoanza upya mama amekwisha jifuta machozi, na anachosema sasa ni muhtasari tu.

Aliyewahi kufanya kazi hii kwa simu anaijua hali hiyo au inayofanana nayo. Utaambiwa uzime mawasiliano kabla ya kurekodi, na ni kweli. Lakini ukizima, mhariri hakupati, naye ana ukurasa wa kujaza. Kifaa hichohicho ndicho kamera, kinasa sauti, daftari na njia ya bosi kukufikia. Tunapojadili simu janja na vishikwambi katika uandishi wa habari, tunabishana mno kuhusu ubora wa picha, tunasahau kuuliza ni kazi ngapi anabebeshwa mtu mmoja kwa sababu tu zote zinaingia kwenye kifaa kimoja.

Faida zake sizibezi hata kidogo. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria ilipotua juu ya mto Hudson, New York, picha iliyozunguka dunia ilipigwa kwa simu na abiria wa kivuko kilichokuwa kikienda kuokoa watu. Mei 2020 huko Minneapolis, taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kifo cha George Floyd kama tukio la kiafya. Video ya simu ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando ya barabara ndiyo iliyoonyesha goti la askari shingoni mwa Floyd, na mwaka 2021 bodi ya Pulitzer, inayotoa tuzo kubwa za uandishi wa habari Marekani, ikamtunuku msichana huyo heshima maalumu. Bila simu ile, huenda maneno ya polisi yangebaki ndiyo habari yenyewe.

Simu pia hupunguza woga. Mbele ya kamera kubwa na taa zake mtu hujinyoosha, akaanza kutafuta maneno ya jukwaani. Simu ameizoea, anaongea kama anavyoongea nyumbani.

Mapungufu ya kiufundi yapo, na mengi yana dawa. Kuvuta picha kwa vidole mara nyingi ni kukata kipande na kukikuza, ndiyo maana sura ya aliye mbali hutoka imechujuka. Dawa yake ni miguu: sogea. Upepo unaoharibu sauti hupungua sana ukitumia kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Kishikwambi kinachosha mkono ukipigia picha, ila kwa kuhariri video na kusoma nyaraka ndefu njiani kinaipita simu kwa mbali. Mechi ya usiku bado inadai lenzi ndefu.

Lisilotibika kwa vifaa ni lile la Chicago. Tarehe 30 Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote wa kudumu, akiwemo John H. White aliyeshinda Pulitzer mwaka 1982, na waandishi wakafundishwa kutumia iPhone. Gazeti lilisema wasomaji wanataka video zaidi, na mapato ya magazeti yalikuwa kweli yanaporomoka. Hoja ya fedha siipuuzi, kwa kuwa gazeti lililofungwa haliajiri yeyote. Ila mpiga picha huangalia wakati mwandishi anasikiliza. Huona mkono unaotetemeka chini ya meza, au mlinzi aliyesogea karibu ghafla. Aliye peke yake, macho yake yako kwenye kioo cha simu, mtu asije akatoka kwenye fremu. Ndiyo maana naona mahojiano mazito yaendewe na watu wawili, hata kama wote wawili wana simu tu.

Kuna na usalama wa vyanzo, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Daftari likikamatwa lina mahojiano ya siku chache, lakini simu ina karibu kila mtu uliyewahi kuzungumza naye. Mahakama ya Juu ya Marekani iliutambua uzito wa yaliyomo ndani ya simu mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, iliposema kwamba kwa kawaida polisi wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kupekua simu ya aliyekamatwa. Programu za udukuzi kama Pegasus hazisubiri hati wala hazibishi hodi.

Na hata bila udukuzi, picha inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Mwandishi mwenye haraka anaficha uso wa chanzo chake, anabadilisha jina, kisha anatuma faili halisi la picha ya chumba walichokaa, likiwa bado na alama za ramani. Mwenzake aliye pembeni angemshtua kabla hajatuma. Mtu mmoja mwenye kazi tatu na dakika kumi mara nyingi haoni.