Sykes: jina la kijito, kazi ya karani

Mwaka juzi mimi na dada yangu tulinyang'anywa undugu dirishani. Ofisi siitaji. Tulikwenda kufuatilia mirathi ya marehemu baba, kila mmoja na cheti chake mkononi. Changu kinaishia na jina la baba. Cha dada kinaishia na jina la babu, kwa sababu mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza alitaka majina mawili tu, akaruka la katikati, na kosa lile likamfuata mpaka kwenye kitambulisho. Kijana wa dirishani akaviweka vyeti sambamba, akagonga kalamu kwenye jina la mwisho la kila kimoja, akasema, "Hawa si ukoo mmoja." Dada akamwambia, "Mwanangu, sisi tumenyonya ziwa moja." Kijana akatazama fomu. Ziwa halina kisanduku.

Tangu siku ile nimeshikwa na ugonjwa wa majina. Na jina lililonikaa kichwani kuliko yote ni la Kiingereza: Sykes.

Lilinikaa nikiwa Jozani, Unguja. Mwongozaji alikuwa ametusimamisha chini ya mti kutuonyesha kima punju, wale wekundu ambao watu hupanda ndege kuja kuwatazama. Pembeni, bila kutafutwa na mtu, alikuwepo kima mwingine wa kijivu, koo lake jeupe, anatafuna majani kwa utulivu wa mzee barazani. "Na huyu Waingereza wanamwita kima wa Sykes," mwongozaji akasema. Mama mmoja kutoka Dar akauliza papo hapo, "Sykes wa Kariakoo?" Tukacheka wote, mwongozaji pia. Lakini mimi nilirudi na swali lile mjini, kwa sababu mama yule hakuuliza upuuzi: Kariakoo wapo akina Sykes, ukoo wa watu wa Dar.

Sykes wa yule kima ni Kanali William Henry Sykes, aliyezaliwa 1790 huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, akatumikia jeshi la Bombay la kampuni ya Uingereza ya India, na mwaka 1831 akawaeleza wataalamu wa London sura ya mnyama ambaye watu wa pwani yetu walikuwa wakimjua na kumfukuza mashambani miaka na mikaka. Ndivyo kima wetu alivyobandikwa jina la Yorkshire. Na Yorkshire si jambo la bahati hapa. Ukikutana na Sykes popote duniani, uwezekano mkubwa ni kwamba jina lake limetoka kwenye jimbo hilo, na hasa kwenye kipande chake kidogo sana: vilima vya kuzunguka mji wa Huddersfield, bonde la mto Colne, vijiji kama Slaithwaite (wenyewe wanatamka "Slawit", usijaribu kulisoma kama lilivyoandikwa), Marsden na Golcar. Watafiti wa majina Uingereza hupenda kutumia sensa ya 1881 kuchora ramani, kwa sababu yote ilishanakiliwa jina kwa jina. Kwenye ramani hiyo Sykes limesongamana magharibi ya Yorkshire, na ukienda kusini ya nchi linapungua mpaka linakuwa la kuokoteza.

Maana yake? Kijito. Katika lugha ya watu wa kaskazini, sike ni kijito chembamba cha kwenye majani na matope, kile cha kurukwa kwa hatua moja, kinachojaa mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka. Mtu aliyekaa karibu nacho aliitwa, tuseme, John wa Kijitoni. Basi. Hakuna ushujaa, hakuna simba, hakuna upanga. Dar es Salaam tungekuwa na maelfu ya akina Sykes kwa hesabu hiyo. Kijitonyama peke yake ingetosha.

Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu kuna biashara kubwa ya kuuziana "nembo ya ukoo". Unaandika jina lako la Kiingereza, unalipa, unaletewa ngao yenye ndege na taji ndani ya fremu. Ni ulaghai uliovaa suti. Chombo chenyewe kinachosimamia nembo Uingereza, College of Arms, kinasema wazi kwamba nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi jina. Sykes wa kijijini aliyekuwa akisuka sufu hana nembo. Alikuwa na kijito.

Sasa, John wa Kijitoni aligeukaje kuwa ukoo? Hapa ndipo ninapomwona yule kijana wa dirishani. Mwaka 1379 mfalme Richard II alihitaji fedha, akatoza kodi ya kichwa kwa watu wazima. Mtu wa kawaida alilipa peni nne. Orodha za magharibi ya Yorkshire zimesalimika vizuri kuliko za sehemu nyingi, na ukizipitia unawaona watu wakiwa katikati ya kugeuka: huyu ameandikwa kwa kazi yake, yule kwa jina la baba, mwingine kwa mahali. Karani wa kodi hakuwa na haja na historia ya mtu. Alikuwa na akina John ishirini na alitaka kujua yupi amelipa. Kwa hiyo akaongeza neno la pili, na neno lile likabaki kwenye karatasi, na mwakani karani mwingine akalinakili. Mtoto wa John akahama kijitoni akaenda kilimani, jina halikubadilika, likabaki Kijito.

Jirani zao pale Linthwaite wana kisa kitamu zaidi. Jina Dyson, ambalo leo wengi wanalijua kwa mashine za kufagilia, limetokana na mwanamke. Karne ya 14 palikuwa na Dionisia wa Linthwaite, kwa kifupi Dye, na mwanawe akaitwa mwana wa Dye. Tunaambiwa jina la ukoo la Kizungu ni jina la baba tangu Adamu, kumbe ukoo mzima wa wanaume umejibeba miaka mia saba kwa jina la mama mmoja. Dada yangu alipenda sana habari hii.

Kilicholifanya jina libaki pale bondeni ni kazi. Vilima vile ni vya mvua na udongo mbovu. Shamba peke yake halilishi. Watu walifuga kidogo, walilima kidogo, na ndani ya nyumba wakasuka sufu, ndiyo maana nyumba za zamani za huko zina safu ndefu ya madirisha juu, kuingizia mwanga kwenye mtambo wa kufumia. Mwenye kipande cha ardhi na mtambo hana sababu ya kuhama. Anaoa kijiji cha pili, anazikwa parokia ile ile. Viwanda vilipokuja vikawakuta hapo hapo, na Huddersfield ikawameza na majina yao.

Halafu akatokea profesa wa Oxford, Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba. Siku moja alikutana na Sir Richard Sykes, bosi wa kampuni kubwa ya dawa, na watu wakawauliza kama ni ndugu. Hawakuwa wakijuana hata kwa ukoo. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa hiyo, akapima. Kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, ikafanana. Ndipo akawaandikia barua wanaume wa jina hilo, akapata sampuli 48, na mwaka 2000 akatoa matokeo: 21 kati yao, karibu nusu, walikuwa na alama ile ile kwenye kromosomu hiyo. Yeye akahitimisha kwamba akina Sykes wote wanaanzia kwa mtu mmoja, ingawa wanahistoria walidhani jina la kijito lazima liwe na waasisi wengi, maana vijito ni vingi.

Magazeti yaliandika kuhusu wale 21. Mimi nawapenda zaidi wale 27. Hao ni akina nani? Ni watoto waliolelewa na kupewa jina la mlezi. Ni wanaume waliooa kwenye shamba na kuchukua jina la mke ili warithi. Ni mtoto wa msichana asiyeolewa, aliyepewa jina la babu yake mzaa mama. Ni, ndiyo, na wale wa siri ya mama. Pengine wamo pia wa kijito kingine kabisa. Na wote hao ni Sykes, wamezikwa Sykes, hakuna dirisha lililowakataa. Jina liliwachukua kama nyumba inavyochukua mgeni, akakaa mpaka akawa mwenyeji.

Kisha kuna jina jingine la Yorkshire, adimu kuliko Sykes mara nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester waliochapisha habari yake mwaka 2007 walilificha kwenye makala yao, nami nitafuata adabu hiyo hiyo. Walipima mwanamume mmoja, mweupe, Mwingereza wa kawaida asiye na habari ya asili nyingine yoyote, wakakuta kromosomu Y ya aina inayopatikana Afrika Magharibi. Wakatafuta wenzake wenye jina lile. Kati ya 18 waliopimwa, saba walikuwa nayo. Wakafuata vitabu vya kanisa, wakafika kwenye familia mbili za Yorkshire za miaka ya 1780. Mwafrika mwenyewe hawakumfikia kwenye karatasi. Anaweza kuwa aliletwa na biashara ya watumwa. Anaweza kuwa alitangulia sana, kwa sababu Warumi walikuwa na kikosi cha Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ukuta wa Hadrian huko kaskazini ya Uingereza karne ya tatu. Lakini yupo, ndani ya jina ambalo ukilisikia utaapa ni la chai na mvua.

Nilipofika hapo nikamkumbuka mama wa Jozani. Sykes wa Kariakoo?

Wa Kariakoo tunawajua. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikuja pwani kuwapigania Wajerumani, na miongoni mwa askari wake walikuwemo Wazulu waliochukuliwa Msumbiji. Mmoja aliitwa Sykes Mbuwane. Angalia vizuri mpangilio huo: Sykes lilikuwa jina lake yeye, la kuitwa sokoni. Ukoo wake ni Mbuwane. Mwaka 1894 alipata mtoto, akampa jina la Kijerumani, Kleist. Kwa desturi yetu mtoto ni Kleist, wa Sykes, wa Mbuwane. Kleist akakua, akapigana Vita vya Kwanza upande wa von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akaingia kazini, akawa katibu wa chama cha African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Katika safari hiyo ya mafaili Mbuwane akaachwa njiani, na jina la baba likagandishwa likawa ukoo. Wanawe, Abdulwahid, Ally na Abbas, hawakuitwa akina Kleist. Waliitwa akina Sykes. Abdulwahid na Ally walikwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wakarudi wakaingia siasa, na TANU ilipozaliwa Julai 1954 kadi namba mbili ilikuwa ya Ally na namba tatu ya Abdulwahid.

Ni jambo lile lile la mwaka 1379. Lilichukua vizazi vitatu, kalamu za makarani, na neno la pili kwenye orodha. Jina la kijito cha Pennine, vilima vile vya kaskazini ya Uingereza, limekaa kwenye damu ya Kizulu, kwenye ukoo wa Kiislamu, kwenye kibao cha Mtaa wa Kleist Sykes pale mjini. Halina deni kwa Huddersfield. Huwa nasikia watu barazani wakilitumia jina hilo kama mizani, wengine wakitaka kuonyesha kwamba wenye nalo "si wa hapa". Nawauliza: aliyekuwa wa hapa ni nani, yule wa kromosomu au yule aliyelipa kodi hapa? Na sisi wa pwani tunyamaze kabisa. Tuna watu wangapi wanaojiita Washirazi ambao babu zao hawajaiona Shiraz hata kwenye ndoto? Hilo nalo ni jina la mahali, lilishika kwa sababu lilifaa, na wenye nalo ni Washirazi kweli kweli.

Simaanishi majina ni bure. Ukoo adimu wa Kiingereza ni kumbukumbu kubwa. Wataalamu wanasema jina likiwa adimu, wenye nalo hukaribiana zaidi kwa damu. Smith, yaani mhunzi, halikuambii kitu kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Ninachokataa ni kulisoma jina kama kipimo cha maabara. Jina linakwambia nani aliandikwa wapi, na nani aliyekuwa ameshika kalamu.

Mirathi ya baba tulimaliza kwa hati ya kiapo, mashahidi wawili na nauli nyingi. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kuandikishwa shule, nikiwa nimeshajiandaa. Nikamtamkia karani majina yote matatu, pole pole, herufi kwa herufi, la babu mwishoni kama la dada yangu. Akayaandika vizuri, mwandiko wa kupendeza. La tatu lilipofika herufi ya nne kisanduku kikaisha. Akapiga mkwaju, akaniambia, "Hili la mwisho tuliache tu, baba, yanatosha mawili."