Chuo au Seti: Kijana Aanzie Wapi Katika Filamu?

Kijana anayetaka kuingia katika kazi ya filamu hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaomwambia asome kwanza, apate misingi na cheti, ndipo atafute kazi. Na wapo wanaomwambia aachane na darasa, aende seti, yaani mahali filamu inapopigwa, abebe nyaya na stendi za taa, ajifunze kwa macho na mikono. Kila upande una mashahidi wake, lakini habari za mashahidi hao husimuliwa nusunusu.

Watetezi wa seti hupenda kumtaja Robert Rodriguez, ambaye filamu yake ya El Mariachi ilitoka mwaka 1992 baada ya kutengenezwa kwa takriban dola 7,000, fedha ambazo sehemu yake aliipata kwa kujitoa kufanyiwa majaribio ya dawa. Habari hiyo ni ya kweli, ila wengi huikatisha njiani. Rodriguez alikuwa amekwisha kutengeneza filamu fupi nyingi tangu utotoni, alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Texas, na kampuni ya Columbia Pictures ilipoichukua filamu hiyo ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kuiandaa kwa ajili ya majumba ya sinema. Ndivyo ilivyo pia kwa Sean Baker, anayetajwa kila inapodaiwa kwamba siku hizi simu inatosha. Ni kweli filamu yake ya Tangerine, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa simu. Lakini mtu aliyeishika simu hiyo alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha New York na alikwisha kuongoza filamu ndefu kadhaa. Simu ilimpunguzia gharama ya kamera, haikumpunguzia miaka ya kujifunza.

Hata hivyo, watetezi wa chuo nao wasishangilie mapema, kwa sababu kile wanachokiuza zaidi, yaani cheti, ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote. Mkuu wa idara ya kamera anayetafuta msaidizi huuliza mtu huyo amefanya kazi na nani na kama hufika kwa wakati. Ni nadra kuuliza alipata alama gani. Faida ya kweli ya chuo iko kwingine. Chuo humpa mwanafunzi ruhusa ya kukosea bila kuharibu fedha za mtu, humlazimisha kutazama filamu ambazo asingezitafuta mwenyewe, na, pengine kubwa kuliko yote, humkutanisha na wenzake wa rika moja wenye njaa ileile. Spike Lee na mpigapicha Ernest Dickerson walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, na filamu ndefu ya kwanza ya Lee kuingia sinema, She's Gotta Have It ya mwaka 1986, ilipigwa na Dickerson. Urafiki wa namna hiyo hauandikwi kwenye mtaala.

Seti nayo hufundisha mambo ambayo darasani huonekana madogo. Mfano mmoja ni pale tukio linapokwisha kupigwa na mrekodi sauti akaomba kimya: waigizaji, watu wa taa na wa maleba wote huganda walipo kwa nusu dakika hivi, ili ukimya wa chumba chenyewe urekodiwe. Mgeni hudhani muda unapotezwa. Kumbe ukimya huo, wenye mvumo wake wa kuta na wa hewa, ndio mhariri atakaoutumia kuziba mapengo kati ya maneno yaliyorekodiwa kwa nyakati tofauti, maana pengo lisilo na sauti kabisa hushtua sikio. Vilevile msimamizi wa mwendelezo huandika kwamba mwigizaji alishika kikombe kwa mkono wa kushoto na alikunywa kabla ya kusema, si baada, kwa sababu picha ya karibu itapigwa saa tatu baadaye na ni lazima ilingane na ya mbali. Kijana aliyesimama karibu na watu hawa kwa wiki chache huanza kuelewa kwa nini skripti huandikwa jinsi inavyoandikwa.

Lakini seti ina gharama ambazo watetezi wake huzipita haraka. Ya kwanza ni kazi bila malipo, inayoitwa nafasi ya kujifunza. Wanagenzi wawili waliofanya kazi katika utengenezaji wa filamu ya Black Swan waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight mwaka 2011. Mwaka 2013 jaji wa New York aliamua kwamba walistahili kuhesabiwa kuwa wafanyakazi, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo, ikisema lazima kwanza ipimwe ni nani hasa anayenufaika zaidi. Kipimo hicho kiliwavunja moyo wengi, ila kwa kijana ni swali zuri la kujiuliza. Anayekwenda kununua chai kwa miezi, bila kuelekezwa chochote, hanufaiki. Na mkono mtupu haulambwi.

Gharama ya pili ni hatari. Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27 aliuawa na treni wakati kikosi cha filamu kikipiga picha kwenye daraja la reli bila idhini ya kampuni ya reli, na mwaka uliofuata mwongozaji alikiri kosa mahakamani na kufungwa. Aliye ngazi ya chini seti huona vigumu kusema hapana.

Kwa maoni yangu, seti inafaa kuwa mlango wa kwanza kwa wengi, kwa sharti kwamba kijana aingie na fani anayoilenga, iwe sauti, taa, mwendelezo au uhariri. Kila mtu anataka kuwa mwongozaji, na filamu moja kwa kawaida huhitaji mmoja tu. Chuo kinafaa pale ambapo mwanafunzi humaliza filamu kadhaa kabla ya kuhitimu na walimu wake bado wanafanya kazi hiyo. Wala chuo hakina umri: Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alikuwa kuli bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, kabla ya kwenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40. Kuanza na chuo ndipo uende seti ndiko kugumu zaidi, kwa sababu mhitimu mwenye deni kubwa la karo hulazimika kuikataa kazi ya kwanza yenye ujira mdogo, hata kama ndiyo ambayo ingemfundisha zaidi.