Rimoti Ina Mwenyewe

Mimi nilikuwa na jina, jamani. Nilipewa na babu mzaa baba, liko kwenye cheti cha kuzaliwa, liko kwenye kitambulisho cha NIDA, na nikidaiwa hela yanatajwa yote matatu bila kukosea. Siku hizi hapa Tabata hakuna anayelijua. Muuza genge: Baba Nasra. Kinyozi: Baba Nasra. Konda wa daladala aliyenizoea: "Baba Nasra sogea nyuma kuna nafasi," na nafasi yenyewe haipo. Mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni miezi tisa, anapiga simu, nasema "shikamoo mama", ananijibu, "Marahaba, nipe mke mwenza wangu niongee naye." Huyo mke mwenza ana mwaka na miezi tisa, na anachojua kufanya kwenye simu ni kupumua.

Hiyo ya jina nimeivumilia. Shida ni rimoti.

Kodi nalipa mimi, umeme wa LUKU nanunua mimi, king'amuzi nalipia mimi kila mwezi, ila rimoti ina mwenyewe. Na wala haitumii kuangalia kitu. Anaila. Kitufe cha kupunguza sauti alishakitafuna, kimebaki cha kuongeza, kwa hiyo tivii yetu inajua mwendo mmoja tu, wa kupanda. Ukitaka ishuke unaizima ukutani uanze upya. Mfuniko wa betri haujulikani ulipo tangu Idi, betri zinashikiliwa na selotepu nyeusi ya fundi umeme, na hiyo selotepu nayo naona imeanza kupata alama za meno.

Ukimnyang'anya analia kile kilio cha kukata pumzi, kile cha kumfanya jirani azime redio yake asikilize vizuri. Mama Nasra anatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umemfanya nini mtoto?" Mimi! "Mwachie tu, atachoka." Hachoki. Anayechoka ni mimi, maana mwenzangu anapata uji wa lishe asubuhi na jioni.

Na mpira wenyewe una roho mbaya. Ligi ya Mabingwa Ulaya kipindi hiki cha baridi yao inaanza saa tano usiku kwetu, mpaka wasogeze saa zao mwisho wa Machi ndiyo inarudi saa nne. Majuzi nikajipanga. Mtoto kalala, mama yake kalala, tivii nimeiwasha ikiwa na sauti ya chini kabisa sijagusa kitu, nina karanga zangu kwenye kikombe. Dakika ya arobaini na kitu, giza. Uniti zimeisha. Feni nayo ikasimama, na feni ikisimama Dar es Salaam msimu huu wa joto, mtoto hahitaji kuambiwa. Nikampakata kiunoni, nikanunua umeme kwa simu, ujumbe ukaja na namba zake 20, tukasogea kwenye mita. Naingiza nne nne zilivyoandikwa, kwa kunong'ona. Nimefika kundi la mwisho, kidole kimoja kidogo, kina mate na maganda ya karanga, kikatokea ubavuni mwangu kikabonyeza cha kufuta. Akacheka. Nikaanza upya. Akasubiri kwa adabu kabisa mpaka kundi la mwisho.

Halafu kuna wazee wanasema vijana wa leo hatuna uvumilivu. Mama Nasra alipojifungua alipata likizo siku 84, haki yake, na angeleta mapacha zingekuwa 100. Mimi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikanipa siku 3, na nizitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wangekuja mapacha? Tatu zile zile. Yaani kwa hesabu hiyo pacha wa pili hana baba. Siku ya kwanza nilishinda nje ya wodi nimeshika chupa ya chai, ya pili nikahangaikia mkaa na ndizi za mtori, ya tatu mama mkwe akafika na mabegi yake, sebule ikabinafsishwa.

Nakumbuka tarehe 5 Novemba 2023. Nilikuwa mtu huru. Yanga tulimpiga Simba 5-1, mabao yote nimeyaona kwa macho yangu nikiwa nimesimama juu ya benchi la kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, na hakuna aliyepiga simu kuuliza niko wapi. Mama Nasra alikuwa nyumbani amejilaza kwa madai ya mimba, maana kwao wote ni Simba.

Sasa nikitaka kwenda kibandani naenda na mtoto. Nikasema sawa, tumfundishe mapema, nikamnunulia kajezi ka kijani na njano. Kumbe adui yuko kwenye kitabu. Nenda Kariakoo, chukua kitabu chochote cha picha cha watoto. S ni Simba, kajaa ukurasa mzima, manyoya yamechanwa. Y ni nini? Y ni Yai. Klabu ya 1935, wakubwa zao kwa mwaka mzima, tumepewa yai! Na wenzetu jina lenyewe wamelichukua 1971, kabla ya hapo walikuwa wanaitwa Sunderland. Wangebaki Sunderland mwanangu angesoma kwa amani.

Matokeo yake nimembeba kibandani juzi, Yanga tumepata kona, watu wameshika pumzi, yeye akaona fulana ya mzee mmoja ina picha ya mnyama. Akanyoosha kidole, akatoa sauti sijui huwa anaifichaga wapi: "Thimbaaa!" Kibanda kizima kikageuka. Hawakumwangalia mtoto, waliniangalia mimi, kwa sababu mtoto anasema yanayosemwa kwao. Kuna mmoja aliniambia taratibu, "Kaka, hata kama, si ungetuambia mapema."

Kinachoniuma zaidi ni ubaguzi. Mama Nasra ana tamthilia yake ya Kituruki, wale wasichana wanaolia wakiwa wamependeza, imetiwa sauti za Kiswahili. Ikianza tu rimoti inawekwa chini bila kuombwa. Mtoto anapanda mapajani kwa mama yake, hapepesi macho mpaka mwisho. Mama mkwe wa kwenye tivii akimfanyia hila mkaza mwana, mama na binti wanaguna kwa pamoja. Nikipita mbele yao kufuata maji ya kunywa, wananikazia macho wote wawili, na Nasra ananitolea lile neno lake moja analolitamka bila kigugumizi: "Toka."

Kwangu mimi mwamuzi hajapuliza hata filimbi, mtoto kashaushika waya wa king'amuzi.

Lakini nimepata akili. Kombe la Dunia la mwaka huu wa 2026 liko Marekani, Kanada na Mexico, timu 48, mechi 104, na kwa saa zetu nyingi zinaangukia usiku: nyingine saa nne, nyingine saa saba, nyingine saa kumi alfajiri. Saa kumi alfajiri! Hiyo ndiyo saa ambayo Nasra huamka kudai maziwa, na mama yake ndiye anayeamka naye. Mtu akikukuta sebuleni muda huo umebeba mtoto, hata tivii ikiwa inawaka, wewe ni baba bora.

Jana nikavaa sura ya huruma nikamfuata jikoni. "Mama Nasra, naona unachoka sana mke wangu. Hii zamu ya usiku niachie mimi, wewe lala."

Akaacha kukoroga ugali. Akaniangalia miguuni, akapanda mpaka usoni. Huyu mwanamke amekulia na kaka wanne washabiki wa mpira, ratiba za mashindano anazijua kuliko waandaaji.

"Mungu akuzidishie mume wangu," akasema. "Maziwa yake yatakuwa kwenye ile chupa nyekundu. Anza leo."

Kombe linaanza tarehe 11 Juni. Hii ni Februari.