Kifuko bila tumbo ni pambo tu

Mfuko wa ukutani wa kitambaa, ule wenye vifuko vingi unaotundikwa nyuma ya mlango au jikoni, ni kazi nzuri ya kumpa anayeanza cherehani. Mishono yote imenyooka, hakuna zipu, hakuna kola. Tatizo ni kwamba mingi ikishatundikwa huishia kutazamwa. Ukitia mkasi na kopo dogo la vifungo, kifuko kinabana kama soksi ya mtoto, kitambaa cha nyuma kinavutwa mbele, na kazi nzima inajikunja. Aliyeshona alikata kifuko upana ule ule wa nafasi yake. Sentimita 16 za kitambaa juu ya sentimita 16 za mgongo, yaani kitambaa cha nyuma, zinatosha bahasha, basi.

Kifuko kinahitaji tumbo, na tumbo ni hesabu tu. Kwa kila kifuko cha sentimita 16, kata kitambaa cha sentimita 24. Zile 8 za ziada ndizo zitakazokunjwa pembeni, 4 kila upande, na zitafunguka kitu kinapoingia.

Tuchukue mfuko wa vifuko tisa, safu tatu za vitatu. Mgongo uwe khaki au kitambaa kizito cha maradufu, ukikamilika sentimita 50 kwa 70, kwa hiyo kata 54 kwa 78. Kila upande na chini, pinda sentimita 1 mara mbili. Juu, pinda sentimita 1, kisha 5, upate njia ya kupitishia fimbo. Kipande cha mpini wa fagio kinaingia bila shida. Vifuko viwe vya kitenge: vipande vitatu, kimoja kwa kila safu, kila kimoja sentimita 74 kwa 20. Yadi moja ya kitenge inatosha na kubaki, na mita moja ya khaki yenye upana wa mita moja na nusu inatoa migongo miwili.

Kabla ya mkasi, fua vyote viwili, vikauke, vipigwe pasi. Kitenge kipya kina wanga, na khaki ya pamba hurudi, hasa kwa urefu. Ukishona bila kufua, siku ya kwanza ya kufuliwa mgongo unarudi kwa kiasi chake na vifuko kwa kiasi chake, na mistari uliyoipiga kwa rula inakuwa mawimbi. Kama kitenge kinachuja, ni heri kichuje kwenye beseni kuliko juu ya khaki nyeupe.

Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kwenye khaki ni rahisi: chomoa uzi mmoja, ukate kwenye mstari unaobaki. Mgongo uliokatwa mshazari hata kidogo unanyooka upande mmoja baada ya wiki chache za kubeba uzito, na hapo hakuna pasi itakayousaidia.

Sasa kipande cha vifuko. Juu, pinda sentimita 1 kisha 2, shona. Chini, kunja sentimita 1 kwa ndani na upige pasi bila kushona. Kwa upande wa nyuma weka alama za chaki kwenye sentimita 1, 25, 49 na 73. Kwenye mgongo, ambao umeshapinda kingo zake, weka alama kwenye 1, 17, 33 na 49. Linganisha alama na alama, kunja ncha zote mbili za kipande kwa ndani, tia pini, kisha shona mistari minne ya wima kutoka chini kwenda juu. Kitambaa kitavimba katikati ya kila mstari na mwenzake, utadhani umekosea. Hujakosea.

Hapo ndipo tumbo linapotengenezwa. Bonyeza ule uvimbe chini kwa viganja, uutandaze kushoto na kulia mpaka mikunjo miwili ilale juu ya mistari ya wima, kila mkunjo ukiingia ndani sentimita 2 (2 za kwenda na 2 za kurudi, ndizo zile 4). Tia pini kwenye ukingo wa chini, piga pasi, kisha shona chini kwa mistari miwili iliyoachana nusu sentimita. Anayeshona chini kwanza halafu wima hulazimika kusukuma kitambaa cha ziada mbele ya mguu wa cherehani, na kifuko cha mwisho ndicho kinachopokea makosa yote.

Kwenye mikunjo unapita juu ya tabaka sita za kitenge pamoja na khaki. Tumia sindano namba 16, uzi wa polista, mshono wa milimita 3, na pale kwenye vilima zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano namba 11 iliyokuwa inashonea blauzi itaruka mishono au itavunjika, na lawama atapewa cherehani.

Kifuko kinachanika juu, kwenye kona, pale mstari wa wima unapoishia. Ndipo mkono unapovuta kila siku. Rudisha mshono mara tatu hapo, au bora zaidi shona pembetatu ndogo ya sentimita 1 kila kona. Kazi ya dakika kumi kwa mfuko mzima.

Safu ya chini ianze sentimita 2 juu ya ukingo, na kati ya safu na safu acha sentimita 4. Juu kabisa utabaki na sentimita 7 tupu chini ya njia ya fimbo. Wenye kupenda kanga wataweka jina la kanga hapo, na wafanye hivyo. Jina likiwekwa kwenye vifuko vyenyewe, mikunjo inameza herufi na msemo unageuka mwingine. Chagua jina fupi, maana una sentimita 48 tu.

Kanga kwa mgongo, hapana. Ni nyepesi mno. Itabeba barua na chanuo, ikipewa chupa ya mafuta itaning'inia kama ulimi. Na ile mifuko mbadala iliyojaa majikoni tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, ambayo wengine wanaiweka ndani ya kitambaa ili kikakamae, iache. Ni plastiki pia. Pasi inaiyeyusha, na ikikaa juani inakuwa unga. Jinzi ya mtumba inakaza vizuri kuliko hiyo, ila epuka mshono mnene wa pembeni mwa mguu, kata pembeni yake.

Kuhusu vile vikasha vya kitambaa vya kusimama mezani, vinavyopendeza sana pichani: bila jinzi nje na jinzi ndani vinajilaza vyenyewe. Mwenye kitenge na bitana nyepesi asivihangaikie.

Fimbo iwe sentimita 56, ncha zitokeze kila upande, kamba ifungwe kwenye ncha hizo. Ukitundika kwa vitanzi viwili vya kona bila fimbo, katikati panalegea na safu ya juu inafumbuka. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji tumia misumari ya zege, miwili. Msumari wa kupigilia mbao unapinda au unang'oa plasta. Nyumba za pwani, hasa zile za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta hutoa unyevu na chumvi, na mgongo ulioushika ukuta huota ukungu kwa nyuma ambako hakuna anayeangalia. Gundisha vizibo vya chupa viwili nyuma ya fimbo, na ushone vifungo vikubwa viwili kwenye pembe za chini kwa nyuma, hewa ipite. Kila unapoufua, toa fimbo kwanza, geuza vifuko nje kwa kidole, ukung'ute vumbi la kona kabla ya kuuloweka, la sivyo linakuwa tope ndani ya mikunjo na halitoki.