Nani ameumia hapa?

Jioni moja sokoni kwetu, mji wa mpakani hapa Uganda ambako bila Kiswahili huuzi hata dagaa, mihadhara ilikuwa imepamba moto. Meza moja, Biblia na Msahafu juu yake, spika mbili zimeelekezwa stendi. Mhadhiri wa Kiislamu akatupa swali lake la kila mwaka: ni wapi Yesu alisema kwa kinywa chake, "Mimi ni Mungu, niabuduni"? Walokole wakalipuka. Akaja afande, akachukua maikrofoni, akauliza: "Nani ameumia hapa?" Mikono ikanyooka, ya wenye kanzu na ya wenye tai. Mama mmoja wa dagaa naye akanyoosha wake. Yeye nadhani alikuwa ameumia masikio tu. Afande akaona kesi imemzidi kimo, akabeba amplifaya akaenda nayo.

Tulicheka sana, lakini afande hakulitoa swali hilo hewani. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kifungu cha 122 kwa namba za toleo la zamani, inasema anayeandika au kutamka neno, kutoa sauti, hata kufanya ishara, kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake, anaweza kufungwa mwaka mmoja. Maneno hayo hayakutungwa Kampala. Waingereza waliyaandika kwa ajili ya India mwaka 1860, kifungo chake kikiwa mwaka mmoja vilevile, kisha wakayasambaza huku kwetu. Kenya na Tanzania wanayo pia. Pakistan walirithi kitabu hichohicho, ila mwaka 1986 wakaongeza adhabu ya kifo kwa anayemtukana Mtume. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, alikikosoa kifungu hicho. Januari 2011 akauawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe.

Sisemi Uganda ni Pakistan. Kifungu chetu kimelala. Lakini nyoka aliyelala uvunguni bado ni nyoka, na hapa siasa imekuwa ikilala kitanda kimoja na dini tangu Wakatoliki na Waprotestanti walipopigania Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwaka 1892. Chama cha DP (Democratic Party), chenye Wakatoliki wengi, watu walikibandika jina la "Dini ya Papa", tena kwa Kiswahili kabisa! Ibara ya 7 ya Katiba ya 1995 inakataza dini ya taifa, sawa, ila nionyeshe mgombea asiyedai kwamba Mungu ndiye aliyemtuma.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kiongozi akishajifunika joho la Mungu, kumtania yeye na kuitania dini vinakaribiana mno. Julai 2020 wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa video ya mzaha waliyoiigiza mithili ya maombi: tuwaombee viongozi wetu, wakawataja mmoja mmoja, na msikilizaji akajionea mwenyewe kwamba wengi wanatoka upande mmoja wa nchi. Tuhuma ilikuwa kuchochea ubaguzi, si kukufuru. Lakini mwenye nguvu akiumia hakosi kifungu cha kuokota.

Najua wapo wazee watakaoniambia tusipofungana midomo tutachinjana. Hofu yao naielewa, hasa mtu akikumbuka mabomu ya Kampala ya Novemba 2021, yaliyolipuliwa kwa jina la dini. Basi anayevunja msikiti ashitakiwe, na anayevuruga ibada kanisani vilevile. Vifungu vya hayo vipo, vibaki. Jiwe lililovunja kioo utaliokota na kulipeleka mahakamani kama ushahidi. Moyo ulioumia utaupimaje? Kwetu hupimwa kwa cheo cha mwenye moyo.

Amplifaya ilirudishwa baada ya siku tatu. Wiki iliyofuata, kwenye uwanja uleule, kampeni zilifika na spika kubwa kuliko zile. Mchungaji akafungua kwa sala, akasema atakayempinga mgombea huyu anapingana na Roho Mtakatifu. Afande alikuwepo, kofia mkononi, macho ameyafumba.